Kuku wa Sherehe ya Hamisi

Temeke, Jumatano asubuhi

Mama yangu mpenzi,

Shikamoo, na shikamoo yake bibi. Nauliza hali zenu, na safari hii nauliza kwa wasiwasi. Tangu Jumapili nakupigia, mtandao wa huko haushiki. Ndiyo maana naandika, jirani yetu Mama Neema aifikishe barua kwenye basi la kusini pale Mbagala.

Mama, wale kuku watatu niliowatuma Jumamosi kwa ajili ya kumtoa Hamisi jandoni, msiwachinje. Msiwaguse kabisa.

Mama mdogo anaumwa sana. Yuko hospitali, anapumua kwa mashine ya oksijeni.

Ilianza wiki iliyopita. Kwenye banda lake la kuku, ambako mie nanyonyoa, walishushwa kuku wa kienyeji matenga manne. Wengine walikuwa wamelegea shingo, nyama nyekundu ya kichwani imegeuka zambarau. Mama mdogo akamwita mchinjaji mbio, awahi kisu wasije wakafa vibudu tukala hasara. Mie nilisimama tu na beseni la maji ya moto.

"We bubu," akaniambia, "kuku akiumwa unataka tumsomee dua? Nyonyoa, mwanangu, wateja wanasubiri."

Niliona, mama, na sikusema. Unajua nilivyo. Tukanyonyoa mimi na yeye mpaka mchana, manyoya yanaruka usoni. Wale watatu alinichagulia mwenyewe siku hiyohiyo katika waliobaki wazima. "Mpelekee dada, Hamisi asitoke jandoni kwa mchicha." Tulicheka sana.

Siku ya nne tangu tunyonyoe homa ikampanda, viungo vikamuuma, akawa anakohoa. Akanunua vidonge vya rangi mbili duka la dawa. Jumapili akashindwa kumaliza sentensi kwa kukosa pumzi, ndipo tukampeleka. Daktari alipouliza kama kuna mifugo nyumbani, mama mdogo akatikisa kichwa. Alikuwa anaogopa banda lifungwe.

Mie nikasema. Nilisema yote, na mama mdogo akageukia ukutani.

Daktari hakunigombeza. Alinieleza kwamba virusi vya mafua ya ndege kwa kawaida havimpati mtu kirahisi, lakini anayenyonyoa kuku mgonjwa huvivuta kwa pumzi, au hujipaka machoni kwa mikono yake, na vikishuka ndani ya mapafu ni hatari. Vile vidonge vya dukani haviui virusi. Dawa yake ipo, ila hufanya kazi vizuri zaidi ikianza siku mbili za mwanzo. Mama mdogo ameanza kuimeza siku ya tatu ya homa. Na mie nimepewa, kabla sijaugua.

Kisha akaniuliza kama nilikuwa na mafua ya kawaida siku zile. Nikamwambia ndiyo, nilikuwa napenga kamasi huku nanyonyoa. Akaacha kuandika. Alisema virusi vya ndege vikikutana na vya watu katika mwili mmoja, vinaweza kubadilishana tabia, vikatoka vipya vinavyopita kwa mtu hadi mtu, na hakuna mwili duniani unaovijua. Ni nadra, alisema. Wamechukua vipimo vyetu wote wawili, majibu bado. Nimeambiwa nisitoke ndani. Naandika nimevaa barakoa.

Kuku wakiwa hai, wafungieni peke yao, watoto wasisogee, umwite bwana mifugo. Wakifa, msiwashike kwa mikono mitupu wala msiwape mbwa. Nyama iliyoiva vizuri haina shida, hatari ni mikono na manyoya. Na mtu yeyote aliyewashika akipata homa ndani ya siku kumi, aende zahanati siku ileile na aseme habari ya kuku. Asione haya kusema kama nilivyoona mie pale bandani.

Nisalimie bibi, ambaye najua ndiye huwa anakaa na beseni siku za sherehe. Msalimie baba mkubwa, na shangazi aliyejifungua majuzi. Mwambieni Hamisi dada yake anamwombea.

Ukipata mtandao, mama, usianze na salamu. Niambie kwanza kama mmeshawachinja, na nani aliwanyonyoa.

Mwanao,
Zuhura