Kiwanja Alichosawazisha Baba

S.L.P. 63,
Mwala, Machakos.
9 Oktoba 2004

Mpendwa ndugu yangu Nzioka,

Pokea salamu nyingi kutoka nyumbani. Wewe, Wamucii na watoto mwaendeleaje na baridi ya huko ng'ambo? Sisi tunapumua. Mwaitu, mama yetu, ni mzima wa mwili, ila kula ni kwa kubembelezwa. Mvua bado, na ng'ombe tumewapeleka kwa mjomba Kitheka.

Barua yako ilifika. Unasema Disemba hamji tena, kwa kuwa Baba uliyekuwa ukimjia tumeshamzika. Nilipokuwa nikimsomea Mwaitu, nilifika hapo nikakohoa, nikaruka.

Sasa nisikilize, mtoto wa mama. Hukuwahi mazishi, basi kuna jambo hulijui. Lile dimbwi la kuogelea la mpira, la kupuliza, ulilotanguliza kwa ajili ya watoto, Baba alilifungua siku ileile. Unajua boma letu lilivyo na mteremko, ukiangusha chungwa utaliokotea mtoni. Akajaza udongo upande wa chini, akashindilia kwa miguu, punda wakaleta maji tujaribu. Loo! Udongo ulididimia, dimbwi likalala ubavu, maji yote yakaishia kwenye mbaazi. Mwaitu alimsema mpaka jua likatua. Maji ya kiangazi, unanyweshea mawe?

Baba alicheka tu. Eti yeye aliyechimba matuta maisha yake yote alisahau kwamba mteremko haujazwi chini, hukatwa juu. Akaanza upya kwa sururu. Kila jioni aliweka karai la maji, akapiga magoti aone yanaegemea wapi. Vijiwe aliviokota kwa mkono, visije vikatoboa mpira. Nilimkemea apumzike, na kifua kile. Akanijibu, "Wajukuu wangu hawataogelea mlimani."

Siku maji yalipotulia kwenye karai alituita sote tuone. Wiki hiyohiyo kifua kilimbana, akatutoka.

Wazee walitaka kaburi lichimbwe palepale alipopasawazisha, maana hapana mawe. Mwaitu akasimama: "Hapo pana wenyewe." Tukamzika juu kidogo, karibu na ua wa mkonge.

Tangu hapo kila asubuhi Mwaitu anakifagia kile kiwanja na kufukuza kuku. Nikimwona nalia, sikufichi. Baba hatamwona mjukuu wake Kamanthe akiruka majini, hilo limepita, na linaniuma kama linavyokuuma wewe. Lakini nitamwambiaje mama yako aache kufagia? Mimi siwezi. Ukitaka, uje umwambie mwenyewe.

Nisalimie Wamucii, Kamanthe na Jeremy mdogo. Mjomba Kitheka anawasalimu sana. Mungu awafunike, awape na nauli.

Jana Mwaitu alipoingia ndani niliweka karai pale kiwanjani. Maji bado yametulia. Njooni, ndugu yangu. Ya kujaza dimbwi nitayabeba mimi.

Dada yako akupendaye, anayekungoja,
Nzisa