Chai ya Aliyefika Mwisho

Wambui wangu,

Hapa mtaani Woodley tuko salama. Mamako anakusalimu, na babu, guka wako, bado anagombana na redio yake.

Umeniuliza kama uache kile kikundi cha matembezi huko Kanada, kwa kuwa kila Jumamosi unabaki nyuma. Enzi za usichana wangu, kikundi chetu kilikuwa kikikutana kwenye maduka ya Adams Arcade, kisha tunaenda kupanda milima ya Ngong. Wenye mbio walikuwa wakifika juu, wanakaa, wanakunywa chai wakinisubiri. Nikitokea tu, nahema, wanasimama: "Haya, amefika, twendeni!" Wao wamepumzika, mimi hata sijakaa. Nilikasirika, nikaapa sirudi, lakini nikarudi.

Jumamosi moja walisimama hivyo hivyo, lakini kiongozi wetu, Mama Nduku, akabaki amekaa kwenye nyasi. Akanimiminia chai.

"Kaeni," akawaambia. "Mapumziko yanaanza sasa."

Wakakaa, wengine wamenuna. Chai ilikuwa imeshapoa, na sijawahi kunywa tamu kuliko ile.

Kwa hivyo usiache bado, mama. Siku moja atakuja mwingine wa polepole kuliko wewe. Akifika, wewe usisimame.

Ni mimi bibi yako, shosho wako.