Mbio Bila Msiba

Kwako mke wangu, Mama Hadija,

Assalaam aleikum. Mimi ni mzima kiasi cha kushika kalamu. Nawe je, na mwanetu, mnalalaje, mnaamkaje? Na mguu wa mama, umekubali kukanyaga? Barua yako imefika imeloa, lakini imesomeka. Nimefurahi kuona mwandiko ni wako mwenyewe. Herufi zimesimama wima kama mgambo. Kisomo cha watu wazima hapo Baleni kinafanya kazi.

Umeniuliza neno moja: huko kuna watu? Mkubwa wa ghala naye ana lake: nibaki huku kusini nipewe nyumba ya familia, au nirudishwe Mafia? Anataka jibu kabla korosho hazijaanza kuingia. Jibu langu kwake linangoja lako, na lako linangoja jibu la hilo swali. Basi niseme kweli, uamue.

Kazi ni ileile ya mizani. Nikifunga ghala alasiri, wenzangu huelekea kwenye pombe ya mabibo. Mimi nisiyekunywa hubaki na kuta nne na kuku wa jirani. Chakula ni ugali na mboga isiyojua tui; nazi huku ni kama dawa, ukiiona ujue kuna mgonjwa. Nikikaa ndani, mawazo huingia bila hodi na hayaagi. Ndiyo maana nimeanza kukimbia.

Usicheke. Kando ya mto Lukuledi kuna njia ambayo zamani ilikuwa reli. Mwingereza aliijenga kwa ajili ya karanga, karanga zikamshinda, na baadaye reli ikang'olewa. Limebaki tuta, na mataruma yaliyolala chini ya reli watu wamefanya vizingiti vya milango. Tuta halina mlima wala bonde, maana garimoshi, kama mimi, halipendi kupanda. Huku mto na matete, huku mihogo. Ni mchakamchaka mwepesi kabisa, ila wa mtu mmoja: naanzisha wimbo, naitikia mwenyewe, na kiitikio hakinogi.

Sasa sikiliza. Wenyeji wa huku hawakimbii ovyo. Mtu mzima akionekana anakimbia peke yake, hana mzigo, hasalimii, basi huyo amebeba habari ya kifo. Mpeleka msiba hasalimii mtu njiani mpaka awafikie wafiwa. Mimi sikuambiwa. Na hata pumzi za kusalimia sikuwa nazo.

Wiki iliyopita nikawapita wanawake wanaoosha mihogo mtoni. Wakaniita, "Wapi, baba? Wapi?" Nikanyoosha mkono mbele, kwamba naishia kwenye daraja la zamani, nikapita. Kumbe mbele kuna nyumba moja tu, ya Mzee Chilumba, anayekohoa tangu masika; wakajumlisha wenyewe kwamba msiba ni wake.

Nilipogeuza na kurudi, nyumba ile imejaa watu. Wanawake wana unga kwenye nyungo, wanaume wana kuni, wengine majembe begani. Mzee mwenyewe ameketi mlangoni kwenye kigoda, anapokea rambirambi.

"Nani amefariki?" nikamwuliza.

"Mimi," akasema. "Nami nimeambiwa sasa hivi."

Mkewe, Bi Asumini, akanirukia. "Ndiye huyu! Huyu wa mizani ndiye aliyeleta!"

"Sikuleta kitu, mama. Nilikuwa nakimbia tu."

"Unakimbia tu? Unafukuzwa?"

"Sifukuzwi."

"Umechelewa mahali?"

"Hapana, mama."

"Basi mwanangu unaumwa."

Mtu mmoja nyuma akasema, "Mwacheni. Huyo wa kisiwani. Kwao akikimbia kidogo anaingia baharini, ndiyo anafidia huku." Watu wakacheka, nikashukuru Mungu.

Mwenyekiti wa kijiji akaniita "ndugu", nawe wajua mtu akiitwa ndugu mbele ya watu, jambo lake si dogo. Akaamua kwamba nikitaka kukimbia, nikimbie nikipaza sauti, "Salama! Salama!" Lakini unga haukurudi. Unga wa msiba ukishatoka nyumbani haurudishwi, hata maiti akiwa ndiye anayeomba chumvi. Ukasongwa, na mimi nikaketishwa mbele karibu na marehemu.

Tukiwa tunanawa, mzee akaniinamia. "Mwanangu, huku mtu hukimbia kwa ajili ya mtu. Mimi leo nimewaona watakaokuja kunizika. Wewe ukianguka pale kwenye tuta, atakimbia nani? Na atakimbilia kwa nani?"

Nikammiminia maji, akamalizia kunawa.

Tangu siku hiyo napita nikinadi salama kama mchuuzi asiye na bidhaa. Jana nikaona aibu, nikaenda kwa miguu, nikasalimia mlango kwa mlango. Shikamoo, marahaba, mkeo yuko wapi? Yuko pwani. Anakuja lini? Njia ile niliyoisifu kuwa nyepesi ikawa ndefu mno.

Basi jibu lako ni hili: watu wapo. Wanabeba unga kumzika mtu aliye hai. Wa kwangu ndiye hayupo.

Ukija, Bi Asumini ameahidi kukuonyesha wanavyoloweka mihogo, nawe umwonjeshe samaki wa kupaka. Ukiona huwezi kumwacha mama na mguu wake, sema, nitarudi mimi na sitanuna; nitanuna mpaka nishuke bandarini Kilindoni tu, hapo niache. Ila usiniandikie "fanya upendavyo". Nipendavyo nimekwisha kukuandikia.

Mpe mama shikamoo yangu, umkande mguu kwa niaba yangu. Mjomba mkwezi mwambie minazi aiachie vijana. Dada yangu wa Bwejuu akivuka kuja sokoni, mwambie sijamsahau. Hadija mbusu pande zote mbili za uso.

Andika neno moja tu, "nakuja" au "rudi". Nitalisomea hapo hapo posta, nikiwa wima.

Mimi mumeo,
Baba Hadija