Gesi ya Chumba cha Baridi

Jumatatu, 3 Machi
Maua ya kanesheni yamelala tena hapa dukani. Ndoo kumi na nne! Zilifika juzi zikiwa nzima, leo petali zimejikunja ndani kama macho yaliyofumbwa. Mteja wa harusi amezirudisha zote. Bosi anauliza nani ana ufunguo wa chumba cha baridi. Mimi, nani mwingine? Mwaka wa tisa huu.
Nimemwekea mume wangu matofaa yake humohumo, rafu ya nyuma. Tangu atoke hospitali hali kitu ila tunda la baridi, na friji yetu imekufa.

Jumatano, 5 Machi
Bosi kaniita. Kama sina maelezo, anasema, basi maelezo ni mimi. Nikaogopa. Nikamtaja Mama Pacha anayetusafishia — kwamba dawa yake ya sakafu inakaba koo, labda ndiyo inayochoma maua. Nilisema labda. Naapa nilisema labda!

Alhamisi, 6 Machi
Mama Pacha kasimamishwa kazi. Hakubishana. Alikunja aproni, akanikabidhi ufagio. “Haya dada, kazi njema.”
Sakafu nimeosha mwenyewe. Maji matupu.

Jumamosi, 8 Machi
Maji matupu, na bado maua yamefumba. Ndoo tisa.

Jumanne, 11 Machi
Amekuja mtaalamu wa maua, binti mwenye sauti ya mwalimu. Nikamwambia nimenusa kila kona. Akacheka: hii huwezi kuinusa, mama. Ni gesi, ethilini. Kaboni mbili zimeshikana kwa mikono miwili, na mkono mmoja ni mwepesi kuachia ukadaka kingine. Ndiyo maana viwandani wanaipenda. Chembe zake zinadakana maelfu kwa maelfu, mnyororo mrefu, tayari plastiki. Akagonga ndoo: hii nayo ilikuwa gesi hiyohiyo! Spiriti pia hutengenezwa nayo, na dawa ya rejeta za magari. Wenye maghala ya ndizi huipuliza ili ziive pamoja. Lakini ua likiipata, hata kidogo, linajiona limezeeka.
Kaacha vipakiti vya vidonge vya zambarau kila pembe. Vikikutana na gesi hugeuka kahawia, na kitakachotangulia ndicho kilicho karibu na inakotoka.
Inatoka wapi, nikauliza. Moshi wa gari, akasema. Au matunda yaliyoiva.
Nikageuka kuitazama rafu ya nyuma.

Ijumaa, 14 Machi
Kipakiti cha rafu ya nyuma ni kahawia kama udongo. Vingine bado zambarau. Nilisimama nimeshika kreti la matofaa. Ningelitoa kimyakimya, nani angejua? Nikalitoa, nikaliweka mlangoni kwa bosi, peupe. Alikuwa na wageni. Kaniashiria nirudi saa nane.
Nikampigia mume wangu, nikamweleza yote.
“Kwa hiyo yule mama yuko nyumbani kwa sababu ya tumbo langu?”
“Kwa sababu ya mdomo wangu,” nikamjibu.
Saa nane kasoro dakika ishirini. Nikaona haifai bosi ajue kabla ya yule niliyemponza. Nimempigia Mama Pacha. Kapokea kwa furaha — kwa furaha!
“Dada! Vipi, mmejua ni nini kinaua maua?”
Nikasema tumejua.
“Ni ile dawa yangu, eti? Maana tangu siku ile nimeacha kuitumia hata nyumbani. Naogopa itadhuru wanangu.”
Nikafungua mdomo. Hapohapo wanawe wakaanza kulia. Kasema, “Subiri dada, usikate, niwaamue hawa nije nikusikilize vizuri.”
Sijakata. Naandika simu ikiwa sikioni. Namsikia akiwabembeleza, mmoja kanyamaza. Bosi kafungua mlango wake, ananiita. Nimemwonyesha kwa kiganja: asubiri.
Wa pili naye kanyamaza. Hatua za mama yao zinarudi.