Kibao cha Shaba na Ndimu za Ijumaa

Jumatatu, 4 Februari 1957
Ghalani tena, kuhesabu vyuma vilivyoachwa na meli za vita. Minyororo, taa, maboya. Nshachoka. Nyuma kabisa, chini ya turubai, pampu. Si ya mkono hii. Mvuke unazungusha gurudumu la mapanga, gurudumu linasukuma maji. Tabini, Injinia wetu wa maji huziita pampu kama hizi. Nimeitazama kama bwege. Nzuri, wallahi.

Pampu ya kisima cha mtaani imekufa, boila yake ya kuchemshia mvuke nzima. Jang'ombe kwetu mifereji mikavu. Dawa si hii hapa?

Jumanne, 5 Februari
Injinia kaja kuiona. Haitii mvuke bila kitabu chake. Ana haki, ikizidishiwa itapasuka iue watu. Karakana ya bandarini wana kabati zima la vitabu vya pampu kama hizi, kila kimoja na namba yake. Nimletee namba. Nisipoipata kabla ya Jumamosi, inakatwa iuzwe chuma chakavu.

Rahisi, nikasema. Namba huandikwa kwenye kibao cha shaba ubavuni.

Jumatano, 6 Februari
Kibao kinang'ara. Herufi hakuna hata moja!

Nikamwita Mzee Makame, mlinzi wa ghala tangu vita viishe. Shikamoo, marahaba, kisha nikamuuliza kibao kimefanywa nini.

"Nakisugua kila Ijumaa, mwanangu. Majivu na ndimu. N'ende kuswali nimeacha shaba imefubaa?"

Kasema kwa fahari! Nimemfokea. Mtu mzima yule, nimemfokea mbele ya makuli. Nyumbani mke wangu Zuhura karudi mferejini na ndoo tupu. Wali haukushuka.

Alhamisi, 7 Februari
Nimeking'oa kibao, Injinia akione mwenyewe. Kikaniponyoka, kikaanguka kifudifudi. Loo! Mgongoni shaba nyeusi, ndimu haikuwahi kufika. Herufi zilipigwa kwa nguvu hata zikatokeza nyuma, kinyumenyume.

Mbio hadi kwa kinyozi Kikwajuni, nikakisoma kwenye kioo chake. Namba nzima! Wateja wamecheka, wakadhani nimerukwa na akili. Bandarini kitabu kimepatikana. Leo nimekula sahani mbili.

Ijumaa, 8 Februari
Kitabu kinasema mashine hii ikilala bila kuzungushwa, mhimili wa gurudumu unaganda, basi tena. Nayo imelala tangu vita. Injinia kakifunga.

Nikenda kwa Mzee Makame, kwa adabu safari hii. Aliwahi kuizungusha?

"Sasa mhimili nitausugua upande mmoja tu? Naizungusha, naipaka mafuta, nasugua na upande wa pili. Kila Ijumaa."

Nikaushika mhimili. Ukazunguka kwa vidole viwili, laini, bila sauti. Injinia kavua kofia. Mimi nimeona haya. Miaka yote ile, peke yake ghalani, hakuna aliyemtuma wala aliyemwambia ahsante. Mtu na nusu yule. Nimemwomba radhi mbele ya makuli wale wale.

"Yashapita, mwanangu. Hasira hasara."

Jumapili, 24 Februari
Jana pampu imetiwa mvuke kisimani. Ikanguruma, ikatulia, ikavuta.

Leo asubuhi mfereji wetu unatoa maji. Zuhura kajaza ndoo, kajaza mtungi, kajaza hata sufuria ya pilau. Nimekaa barazani kusikiliza tu.

Namba nimeiandika kwa rangi kwenye mwili wa mashine. Kibao nimekirudisha mahali pake, upande wa Mzee Makame ukiwa nje. Ndimu za Ijumaa hii nitanunua mimi.