Niliita Mara Tatu

Kurrajee, New South Wales
Jumapili, 19 Machi 1978

Kwa kaka Nev,

Pole sana, kaka. Beryl amemwambia mama kwamba nyonga imevunjika mahali pawili na pingili moja ya mgongo imepata ufa, lakini vidole vya miguu unavichezesha. Habari hiyo ya vidole ndiyo iliyotupa usingizi. Unakula? Dawa ya maumivu wanakupa kwa wakati? Mama hajambo, goti lake ni lile lile. Mimi ni mzima wa mwili.

Nilikuja kukuona Jumatatu. Beryl mkeo alinikuta kwenye korido ya wodi akaniambia, "Col, geuka urudi ulikotoka kabla sijakutupia hili birika." Sikubishana naye.

Sijui wamekueleza kiasi gani. Farasi wako Kimberley hakuinuka. Mguu wa mbele ulikuwa unaning'inia, daktari wa mifugo akampiga risasi pale pale kwenye kona. Baada ya mbio wasimamizi wakaniita. Wanasema nilimsogeza Sultana kwenye uzio wa ndani kabla sijakupita kwa urefu wa farasi wawili, kama sheria inavyotaka. Filamu yao inaonyesha nusu urefu. Wamenishtaki kwa kupanda kizembe. Nimekana. Kesi imeahirishwa mpaka wakusikilize wewe, na mpaka hapo siruhusiwi kupanda.

Watakuja kitandani kwako. Swali lao kubwa ni moja: uliniita, au hukuniita? Mtu akiitwa na bado akasogea, huo ni uzembe, anafungiwa miezi mitatu. Asipoitwa, ni ajali, anakaripiwa na kurudi kazini. Kaka, mimi sikusikia mtu. Waambie hukuita. Mzee Fitch amesema atanishikia Sultana mpaka mwisho wa Aprili. Baada ya hapo atampa mpandaji mwingine ampeleke Melbourne, na mimi mkufunzi wa kunipa farasi jike kama yule sitampata tena.

Ni mimi mdogo wako,
Col


Hospitali ya wilaya, wodi ya wanaume
Jumatatu ya Pasaka, 27 Machi 1978

Mdogo wangu Col,

Barua nimeipata, na salamu za mama pia. Mwambie naendelea. Nimefungwa plasta kutoka mbavu hadi magoti. Naandika chali, karatasi nimeinua juu ya uso kama mtu anayepaka rangi dari, ndiyo maana ni penseli. Chakula ni kondoo wa kuchemsha, jana, leo na kesho.

Niliita mara tatu.

Mara ya kwanza nilisema, "Nipo ndani, Col!" Mara ya pili nikasema, "Col! Col!" Mara ya tatu nilikutukania mama, nikasahau kwamba ni mama yangu pia. Bluey Sproule, aliyekuwa nyuma yangu, alikuja kunitazama Alhamisi. Ananiambia, "Nev, hata wauza bia jukwaani walikusikia." Nikamuuliza aliwajibu nini wasimamizi. Anasema, "Nimewajibu kama kawaida. Nilikuwa natazama masikio ya farasi wangu, bwana."

Tulikuwa tisa kwenye mbio ile, na wote waliobaki juu ya farasi wamejibu hivyo hivyo. Mimi mwenyewe nimejibu hivyo miaka ishirini. Hatuchomani kwa wakubwa. Ukinisukuma njiani tutamalizana chumba cha kubadilishia nguo, kwa ngumi ikibidi, lakini si mbele ya meza ya wasimamizi. Ungeniomba ninyamaze ningenyamaza. Ningesema nilizimia, sikumbuki.

Wewe hukuniomba hivyo. Unataka niape kwamba sikufungua mdomo, ili mimi niliyevunjika ndiye niwe mpumbavu aliyeingia kwenye pengo kimya kimya. Hapana. Na barua yako nzima nimeitafuta neno "nisamehe", sikuliona. "Pole" ipo. Pole anaambiwa hata mtu aliyenyeshewa.

Kaka yako,
Nev


Kurrajee, 2 Aprili 1978

Kaka Nev,

Nimefurahi kuona ulimi haukuvunjika. Mama anakusalimu sana, amekutumia soksi, sijui utazivaaje. Beryl naye tunamsalimu, akikubali.

Unataka nikuombe msamaha kwa lipi? Ulikuwa juu ya farasi aliyechoka, una miaka thelathini na minane, ukaona mwanga kidogo kati yangu na uzio ukajipenyeza kama panya anayeingia ghalani. Mtu mwenye akili angevuta hatamu akangoja. Wewe ulitaka watu wa jukwaani waone kwamba bado umo.

Na huko kunyamaza kwako hakunifai kitu. Mwenyekiti aliniambia usoni, "Bwana Tranter, kaka yako akisema hakumbuki, tutaamua kwa filamu." Kwa filamu nimekwisha.

Haya, labda uliita. Mimi nakuapia sikusikia. Nimepanda mbio zaidi ya mia tatu upande wetu wa mto Murray, na hakuna mtu hata mmoja aliyewahi kuniita akiwa ndani nisimsikie. Muulize yeyote. Tungekuwa Kurrajee siku ile, ningekusikia.

Fikiri vizuri utakalowaambia. Mimi sina kazi nyingine.

Mdogo wako,
Col


Hospitali, 9 Aprili 1978

Col,

Sijambo. Plasta ya magotini imeondolewa. Salimu mama, mwambie soksi zinanitosha. Hayo ya afya yanatosha pia.

Barua yako niliitupa chini, nesi akaniokotea. Nikairudia kwa sababu ya sentensi moja. "Tungekuwa Kurrajee siku ile, ningekusikia." Mtu aliyelala chali mwezi mzima ana nafasi ya kufikiri.

Kurrajee tunazunguka kwa kulia, kama New South Wales yote. Uzio uko mkono wa kulia, na aliye ndani anakuitia sikio la kulia. Tallanook, nilikoanguka, ni ng'ambo ya mto, ni Victoria, na huko wanazunguka kwa kushoto. Nilikuitia sikio la kushoto.

Miaka miwili umekataa kuvuka mto. Ulisema watu wa Victoria wana maringo na nyasi zao ni mbaya, nami nikadhani ni kiburi cha ujana. Safari hii ulivuka kwa sababu Fitch alimwandikisha Sultana kule, nawe hukutaka mwingine amkalie mgongoni. Mezani kwa mama unasogeza kiti mpaka sisi sote tuwe kuliani kwako. Beryl anadhani unamdharau, maana akikusemesha toka kushoto humjibu.

Mwaka sabini na sita ulipoanguka ukapigwa kwato ya kichwa, damu ilitoka sikioni. Baada ya mwezi nikakuuliza, "Limefunguka?" Ukanijibu, "Kabisa, kaka, nasikia mpaka chawa wakitembea." Tukacheka. Lile sikio lilikufa siku ile, Col, na wewe ulijua.

Mficha maradhi kifo humuumbua. Chako kilikuwa kinaniumbua mimi.

Wasimamizi wanakuja tarehe ishirini. Nenda kwao kabla, uwaambie mwenyewe. Usipokwenda nitawaambia mimi, na anayetaka kuniita mchomaji aniite.

Nev


Kurrajee, 13 Aprili 1978

Nev,

Mama hajambo. Mimi sijambo. Wewe nasikia hujambo. Salamu zimekwisha.

Ndiyo, halisikii. Nikilalia sikio la kulia hata jogoo simsikii. Umeridhika?

Sasa na mimi nikukumbushe. Siku ya kupimwa nirudishiwe leseni, daktari alinikalisha kwenye kigoda, akainama nyuma yangu, akaziba sikio langu la kulia kwa kiganja, akawa ananong'ona namba nizirudie. Chumba kilikuwa kidogo kama zizi la farasi mmoja. Wewe ulikuwa umesimama mlangoni mbele yangu, unazisikia zote. Nani alikuwa akinionyesha vidole mapajani, mahali kichwa changu kilipomkinga daktari asione? Nne. Tisa. Mbili. Hukukosea hata moja. Daktari akasema, "Safi kabisa, kijana," akagonga muhuri.

Na ndani ya gari ulisemaje? "Ukimwambia ukweli, utauza viatu maisha yako yote. Wiki mbili litafunguka lenyewe." Nilikuwa na miaka ishirini na mitano. Wewe ndiye uliyenifundisha kukaa juu ya farasi, ningebishana na nani? Halikufunguka, nikaona haya kukuambia, basi.

Haya, kawaambie. Ila ukianza na sikio, malizia na vidole, tuone kama watakupa hiyo leseni ya ukufunzi unayotaka kuomba mwezi Juni. Maana kwa nyonga hiyo kupanda ndiyo basi tena, umebakiwa na hilo tu. Sidhani utathubutu.

Col


Hospitali, 22 Aprili 1978

Mdogo wangu Col,

Natumai wewe na mama mnaendelea vizuri. Jana walinikalisha kitako dakika kumi, jasho likanitoka kama nimepanda mbio nne.

Walikuja Alhamisi, wasimamizi wawili na karani na mashine yake ya kuchapa. Nilianza kwa kuwauliza kama umefika kwao. Hukufika.

Wakaniuliza kama niliita. Nikasema mara tatu, nikayarudia maneno, hata lile la mama. "Alikusikia?" Nikasema, "Hapana, bwana. Upande huo hasikii." Nikawaeleza tangu lini. Mkubwa wao akasema haiwezekani, cheti cha daktari kipo. Ndipo nikawaeleza vidole. Namba zilikuwa saba, na zote saba nilizionyesha mimi. Karani aliacha kuchapa. Mkubwa akamwambia, "Andika na hilo." Nilitia sahihi kwa penseli, wakasema haifai, wakanipa kalamu yao.

Leseni ya ukufunzi wameniambia nisijisumbue kuomba. Beryl aliposikia alitoka nje, akarudi baada ya saa nzima, na mpaka leo anaongea na nesi tu.

Usidhani hasira imenitoka. Nina hasira na wewe kwa kuvuka ule mto ukijua, ukaniweka chini ya kwato za farasi wa watu. Nina hasira na mimi kwa kukusimamisha kwenye njia hiyo. Hii ya pili haiipunguzi ile ya kwanza hata kidogo.

Niandikie watakachoamua.

Kaka yako,
Nev


Kurrajee, 4 Mei 1978

Nev,

Mama ni mzima. Anakula vizuri.

Kesi ilisikilizwa Jumanne. Walinikalisha katikati ya chumba, mwenyekiti akayasoma maelezo yako yote, pole pole, kama padri. Alipomaliza akainuka akaenda dirishani, kushoto kwangu. Nilidhani anataka hewa. Nikaendelea kumtazama karani, mpaka karani akaninyooshea kalamu nigeuke. Mwenyekiti alikuwa hatua mbili kutoka begani kwangu, na chumba kizima kilikuwa kinanitazama.

"Nimekuuliza mara mbili, Bwana Tranter," akasema, "kama ungependa maji ya kunywa."

Shtaka la uzembe limefutwa. Wameandika kwamba mtu hawezi kuhesabiwa mzembe kwa kutoitikia sauti asiyoweza kuisikia. Sina hatia. Kisha akachukua karatasi ya pili. Leseni yangu imefutwa kwa sababu ya afya, na hiyo haina tarehe ya mwisho. Ile miezi mitatu ningeitumikia, Nev. Kabla ya Septemba ningekuwa nimerudi juu ya farasi. Fitch alikuwa anangoja nje. Alinipa mkono, akasema pole, na Jumatano asubuhi Bluey Sproule alikuwa mgongoni mwa Sultana.

Najua utakalosema, kwamba siku moja ningeua mtu. Huenda. Niliwahi kukataa?

Nilipotoka pale, wenzetu walikuwa wameniwekea kiti baa ya ng'ambo ya barabara, Bluey na wengine watano. Habari zilishawafikia, za sikio tu. Bluey akasema, "Ndugu wa tumbo moja! Mimi hata shemeji yangu ninayemchukia singemchoma." Mwingine akasema, "Akitoka huko na magongo yake asikanyage hapa. Akanywe na wasimamizi." Wakakuita majina, mengine hata mimi niliyekulia mazizini nilikuwa sijawahi kuyasikia. Kisha wakanigeukia wote, wanangoja neno langu.

Habari za vidole hawakuwa nazo. Hawakujua kwamba umejichoma na wewe, wala kwamba leseni ya ukufunzi uliikosa siku ile ile uliyonipotezea yangu. Ingenichukua sentensi moja kuwaambia.

Nilimaliza glasi yangu, nikaagiza nyingine.

Colin