Kuku wa Zamu Yangu

Usagara, Tanga
Jumapili mchana

Mama yangu,

Shikamoo. Mgongo umekuachia, au bado unaupaka mafuta na kwenda shamba vilevile? Mimi mzima, ila situlii. Nimeshainuka mara tatu kuchungulia uani. Nimeona nikuandikie, maana kwa simu ungesikia sauti yangu ukaanza kulia.

Unajua nyumba hii ina wapangaji sita, kila mmoja na jiko lake mlangoni. Mimi na kiherehere changu nikawashawishi tupike chungu kimoja kila Jumapili, kwa zamu, tule pamoja uani. Wakakubali. Mama, miezi minne hiyo nilikuwa na ndugu hapa Tanga.

Jumapili iliyopita zamu ilikuwa yangu. Nikanunua kuku wawili, nikawachinja mwenyewe kama baba alivyonifundisha huko Njombe. Huko nani anauliza? Hapa wapangaji wanne ni Waislamu, na kuku wa kuliwa na wote huchinjwa na Mwislamu. Nalijua hilo. Haraka tu ilinisahaulisha. Nimekuja kukumbuka wali umeshapakuliwa, na Bi Zuhura, yule mjane wa chumba cha kwanza, ameshika tonge.

Hakuna aliyeniona nikichinja. Ningeweza kunyamaza. Nikasema, "Bibi, usile. Kuku nimechinja mimi."

Akarudisha tonge kwenye sinia. "Ahsante kwa kusema, mwanangu," akanawa, akaingia ndani. Wengine wakamfuata mmoja mmoja, hata yule Mlutheri mwenzangu hamu ikamwisha. Wiki nzima salamu zipo, lakini kila mtu anapika mlangoni kwake. Naona aibu hata kwenda bombani. Nimewaza kuhama, mama, kweli kabisa.

Leo nimepika tena ingawa zamu si yangu. Nimepika samaki wa nazi, maana samaki hachinjwi, na sufuria nimenunua mpya. Nimewagongea wote kuwa chakula tayari. Wameitikia, ila hajatoka mtu.

Nisalimie baba, mwambie mkono alioufundisha haukukosea, kilichokosea ni kichwa. Msalimie dada na wanawe, na shangazi wa bondeni.

Ngoja, mama. Bi Zuhura ametoka na mkeka wake, anautandika uani, anawaita wenzake mlango kwa mlango. Naenda kupakua.

Mwanao,
Neema